Yatuhusu Nini Sisi Udongo wa Machakos?

Katika darsa yetu ya usiku wa kuamkia Jumatatu tulikuwa tukisoma mlango wa maji. Kijana mmoja miongoni mwetu, ambaye kazi yake ni bara, akataja mto upitao Athi River katika nchi ya Machakos, na namna baadhi ya wakulima wa kule wanavyomwagilia mboga kwa maji ambayo mtu huona kinyaa hata kuyatia mkono. Mzee wetu mmoja, mvuvi wa siku nyingi, akamkatiza: "Mwanangu, hayo ni mambo ya bara. Yatuhusu nini sisi udongo wa Machakos?" Watu wakacheka na darsa ikaendelea. Lakini swali lile halikutuondoka, na tumeona yatupasa kulijibu kwa maandishi, kwani twajua kuwa si mzee yule peke yake aliye nalo.

Jibu la kwanza ni mto wenyewe. Mto uitwao Athi huko Machakos ndio huo huo uitwao Galana ukisha kupita Tsavo, na ndio huo huo tuuitao sisi Sabaki unapomwagika baharini kaskazini ya Malindi. Majina ni matatu na mto ni mmoja. Mwanzo wake ni pande za Ngong na Nairobi. Hupita katika tambarare ulipo mji wa Athi River, mji wa viwanda. Kisha mto Nairobi, uliokwisha kuchukua maji ya mito ya Ngong na Mathare na kupita pembezoni mwa jaa kubwa la Dandora, huja ukaingia ndani yake kabla ya kufika mlima wa Kilimambogo na maporomoko ya Fourteen Falls. Hapo maporomokoni wapitaji wameona mara nyingi povu jeupe limetanda juu ya maji mfano wa povu la sabuni. Baada ya hapo mto huzunguka vilima vya Ukambani, ukapita Makueni na mbuga za Tsavo, ndipo uje kwetu. Na katika mchanga wa kando ya mto huu, mahali paitwapo Baricho, ndipo vilipochimbwa visima viletavyo maji Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Mchanga ule huyachuja maji, wala hatusemi haya kwa kumtia mtu khofu ya bomba lake. Twasema ili ijulikane kuwa birika la udhu la mtu wa Malindi na shamba la mtu wa Machakos vyanywa katika mto mmoja.

Na liko ushahidi mwingine, wa ajabu zaidi. Mwaka 2007 wataalamu walitoa khabari za uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua kidogo kidogo kila mwaka, kama mti uongezavyo duara ndani ya shina, na kila tabaka huhifadhi alama ya maji ya mwaka wake. Wataalamu wale wakapima madini ya bariamu ambayo huja pamoja na tope la mtoni. Wakaona kwamba kwa miaka mingi ya mwanzo kipimo hakikubadilika sana, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 kikapanda ghafula, katika zama zile mashamba ya walowezi yalipofunguliwa bara na wenyeji wakasongwa katika ardhi ndogo. Basi yaliyotendeka juu ya vilima vya bara yameandikwa katika mawe ya bahari ya Malindi, na mzee wetu ametia nanga juu ya mawe hayo umri wake wote.

Lakini tope ni jambo moja na sumu ni jambo jingine, na imetubidi tueleze tofauti yake, maana nchi ya Machakos imeyaona yote mawili.

Katika miaka ya 1930 maafisa wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba udongo wa Machakos unakufa. Mvua ilikuwa ikiuchukua, makorongo yalipasua malisho, na wao wakaona sababu ni wingi wa ng'ombe wa Wakamba. Hawakuitaja sana sababu ya Wakamba kubanwa. Mwaka 1938 wakaanza kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu, na soko lililotayarishwa kwa ng'ombe wale lilikuwa kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig hapo hapo Athi River. Maelfu ya Wakamba wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi wakataka kuonana na Gavana, na kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Serikali ililegeza amri yake, lakini Muindi Mbingu ikamhamisha. Ikamhamishia wapi? Lamu. Kwa hiyo shauri la udongo wa Machakos lilikwisha kufika mwambao zamani, likiwa limefungwa minyororo, na sisi twauliza latuhusu nini.

Baada ya hapo Wakamba waliuokoa udongo wao kwa mikono yao. Vikundi vyao vya kusaidiana viitwavyo mwethya vilichimba mifereji ikatayo kilima, udongo wa mfereji ukatupwa upande wa juu ukawa kingo, na maji ya mvua yakakaa shambani badala ya kukimbia. Jina la kazi hiyo ni "fanya juu", na jina hili la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya ulimwengu hivyo hivyo bila ya kufasiriwa. (Wapo wenzetu wanaodhani kuwa lugha hii haikuwapa watu wengine ila maneno ya biashara.) Watu wa wilaya ile, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, walikuwa kiasi cha 240,000 mwaka 1932, na mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki kilichotoka mwaka 1994 kilionyesha kuwa pamoja na kuongezeka watu zaidi ya mara tano, mmomonyoko ulipungua na mavuno yakazidi. Mgonjwa aliyekwisha kuandikwa kuwa atakufa aliinuka kitandani.

Basi tunaposema leo kuwa udongo wa pande za Athi River umo katika maradhi mapya, tusidhani kuwa ni ya namna ile. Mmomonyoko huonekana kwa macho na huzuiwa kwa jembe. Haya mapya hayaonekani, na jembe halina dawa yake.

Hapa turudi katika darsa. Sote tulipokuwa vyuoni tulifunzwa kuyapima maji kwa mambo matatu: rangi yake, tamu yake na harufu yake. Ni kipimo chema, na kwa uchafu uliokuwa ukijulikana na watu chatosha: mzoga, damu, choo, vitu ambavyo vyote huoza na kunuka, na kwa kuoza kwake hujitangaza wenyewe. Lakini risasi, yaani madini ile laini tuyeyushayo kufanyia chubwi, ikiyeyuka katika maji kwa kiasi cha kumdhuru mtoto haibadilishi rangi wala tamu wala harufu. Kadimi ni vivyo hivyo. Mtu aweza kuyachota maji hayo katika gilasi, akayatazama juani yakawa safi kama maji ya zamzam, na sumu imo. Hatusemi kuwa hukumu ya udhu imebadilika. Hilo si shauri letu katika makala hii. Twasema kuwa jicho, ulimi na pua havitoshi tena kumlinda mtu na anachokunywa au kumwagilia, na kilichobaki ni maabara.

Na jambo la pili: uchafu uozao hatimaye huwa mbolea, bali madini hayaozi. Mboji humalizika na maji hukauka, lakini risasi iliyoingia katika udongo mwaka huu itakuwamo wajukuu wakilima. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, na magari ya sasa hayatoi tena moshi ule. Lakini ile iliyokwisha kutua kando ya barabara kuu ya Mombasa, tangu Nairobi mpaka Athi River na kuendelea, haikuondoka siku petroli ilipobadilishwa. Mwenye kupanda sukuma wiki ukingoni mwa lami huvuna na yale ya zamani.

Viwanda vyenyewe si vya namna moja, wala madhara yake si mamoja, na mwenye kuvilaumu vyote kwa neno moja hataeleweka. Athi River ni mji wa saruji. Saruji ni mawe ya chokaa yaliyochomwa pamoja na udongo na kusagwa, na vumbi lake likiachwa liruke hutua juu ya majani. Likipata umande huganda kama rangi ya ukuta, jani likawa halipumui wala halipati jua sawasawa. Likishuka chini huufanya udongo kuwa wa chokaa kupita kiasi, na chuma, zinki na fosforasi vilivyomo ardhini vikafungika, mmea usiweze kuvivuta. Mahindi huwa ya manjano na mkulima akadhani ni upungufu wa mvua. Hii ni khasara ya mavuno zaidi kuliko sumu ya mlaji. Na yapo ya kustaajabisha: udongo wenye chokaa huyashika madini mabaya yasipande katika mmea, na ule mchachu huyaachilia. Kwa hiyo mashamba mawili yaliyomwagiliwa maji yale yale hayatoi mboga zenye sumu sawa, na hii ndiyo sababu mtu hawezi kuhukumu shamba kwa kulitazama tu.

Viwanda vya ngozi vina kromi, itumikayo kuizuia ngozi isioze. Kromi iko ya aina mbili. Moja madhara yake ni madogo, na ya pili huleta kansa, na ile ya kwanza huweza kugeuka ya pili, khasa taka za ngozi zikichomwa moto. Wenye kupaka vyuma madini, wenye kuvunja betri kuukuu na wenye kuyeyusha vyuma chakavu ndio wenye kuachia risasi na kadimi wasipozuia moshi na maji yao. Na tusiwasahau wakulima wenyewe, kwani mbolea za fosfeti nazo huwa na kadimi kidogo ndani yake, kidogo kinachojumlika mwaka baada ya mwaka.

Sasa vipi sumu hii huingia katika chakula? Risasi haipandi sana ndani ya mmea. Nyingi yake hushikana na udongo, nayo humfikia mtu kwa vumbi lililoganda juu ya majani, kwa udongo ulioshikamana na mizizi, na kwa vidole vya mtoto achezaye chini kisha akavitia kinywani. Kadimi sivyo. Yenyewe huvutwa na mizizi na kupanda mpaka majani, na mboga za majani, kama mchicha, spinachi na sukuma wiki, ndizo zenye kuikusanya zaidi. Matunda ya mitini huwa nayo kidogo sana. Ikisha kuingia mwilini hukaa katika figo miaka kumi mpaka thelathini. Ndiyo maana kipimo kilichowekwa na nchi za ulimwengu kwa mboga za majani ni kidogo mno: kadimi isizidi miligramu 0.2 katika kilo moja ya mboga, na risasi isizidi 0.3. Majimbi, ambayo bara huitwa nduma, hupandwa katika kingo za mito na mabonde ya maji, na yale yaliyopandwa penye maji ya viwanda mizizi yake imekaa ndani ya tope lenyewe mpaka kuvunwa.

Wapo watakaosema: mbona hatuwaoni watu wa Athi River wakianguka njiani? Tuwape mfano wa nchi ile ile. Mwaka 1981 katika Machakos watu 20 walilazwa hospitalini kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na 12 wakafa. Mwaka 2004 ikarudi sumu ile, zaidi katika Makueni na Kitui na pia Machakos. Wakaugua 317, wakafa 125. Ile haikuwa sumu ya viwanda, ilikuwa kuvu ya mahindi yaliyowekwa mabichi. Lakini kwa kuwa iliua kwa siku chache, ulimwengu mzima ulikuja kutazama. Sumu ya risasi na kadimi haiui kwa wiki. Humpunguzia mtoto akili kidogo, akawa mzito wa kusoma na mwalimu akamwita mvivu. Humpandisha mtu mzima damu. Humharibu figo akiwa na miaka hamsini, wakati ambapo hakuna akumbukaye alikula nini akiwa na ishirini. Maiti zake hazihesabiwi kwa jina lake.

Wajapani walilipa thamani ya kujua haya. Katika bonde la mto Jinzu, jimbo la Toyama, mgodi uliokuwa juu mlimani ulimwaga kadimi mtoni, na wakulima wa bondeni wakaelekeza maji hayo katika mashamba ya mpunga kama walivyofanya babu zao. Wanawake wa vijiji vile, khasa waliokwisha kuzaa, wakapatwa na maradhi ya mifupa kuvunjika kwa harakati ndogo tu, na maumivu yao yalikuwa makali hata maradhi yenyewe yakaitwa kwa kilio chao: "itai-itai", maana yake "yauma, yauma". Maradhi yalionekana tangu miaka ya 1910. Serikali ilikubali kuwa sababu ni mgodi mwaka 1968. Kisha ikawabidi kuufukia au kuuondoa udongo wa mashamba yale na kuleta mwingine, kazi iliyoanza mwaka 1979 na kumalizika mwaka 2012. Hebu tupige hesabu: zaidi ya miaka hamsini ya kukataa, na zaidi ya thelathini ya kusafisha. Na hiyo ni nchi tajiri.

Kwetu wenyewe hatukosi mifano. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa uchunguzi uliofanywa jirani ya jaa la Dandora, lile ambalo mto wake huingia Athi. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walionekana damu yao ina risasi iliyofikia au kupita mikrogramu 10 katika desilita, mpaka uliokuwa ukikubaliwa wakati ule. Tangu hapo mpaka huo umeshushwa. Marekani waliufanya 5 mwaka 2012, na 3.5 mwaka 2021, na Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kuwa hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa ni salama kwa mtoto.

Na Mombasa yetu? Kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Mikindani, si bara. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ubavuni mwa kijiji hicho tangu 2007 mpaka 2014, na risasi ikaingia katika udongo, maji na damu za watu. Phyllis Omido, aliyesimama kuwatetea wanakijiji na kupewa zawadi ya Goldman mwaka 2015, aliwahi kukamatwa kwa sababu ya shauri hilo. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikayatengua malipo hayo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarejesha. Tumeitaja habari hii ili mzee wetu ajue kuwa maradhi ya Athi River hayahitaji mto yapate kutufikia.

Lakini hapa twataka kutoa onyo, na ndilo tulilolifikiri zaidi katika makala hii. Tangu darsa ile tumesikia baadhi ya ndugu zetu sokoni Kongowea wakisema kuwa hawatanunua tena kitu kitokacho Machakos. Hilo ni kosa na ni dhulma. Machakos si Athi River peke yake. Vilima vya Iveti, Kangundo na Mua, vyenye matuta ya fanya juu, viko mbali na viwanda, na mkulima wa huko aliyemwagilia kwa maji ya mvua hana kosa lolote. Maembe na machungwa ya Ukambani ni matunda ya mitini, na tumekwisha kusema hali yake. Sisi tunaokataza watu kuhukumiana kwa dhana hatuwezi kumhukumu mkulima kwa jina la wilaya yake. Wala mkulima wa kando ya mto si adui. Naye na watoto wake ndio walaji wa kwanza wa mboga ile, na maji yale hakuyachafua yeye. Ukimwambia aache kumwagilia bila ya kumwonyesha maji mengine, umemwambia aache kula.

Kinachotakiwa ni kupimwa na kutangazwa. Mashamba yapimwe, mboga zipimwe, na jibu liandikwe kwa lugha ambayo muuza mboga aisoma. Kupima si jambo lisilowezekana. Machakos penyewe pana kituo cha utafiti cha Katumani, ambacho mahindi yake ya nchi kame yajulikana tangu miaka ya 1960, na maabara za udongo ziko Kabete. Panapoonekana sumu ndogo, ziko tiba: samadi nyingi na mboji, ambazo huyashika madini, chokaa panapokuwa na udongo mchachu, kuacha mboga za majani na kupanda mahindi au miti ya matunda. Panapoonekana kubwa, pasilimwe chakula. Na mbele ya yote haya, maji ya kiwanda yasafishwe ndani ya kiwanda, maana ratili moja ya risasi huzuiwa kwa urahisi ikiwa katika bomba, na ikisha kutawanyika katika ekari mia hapana awezaye kuikusanya.

Wala tusidhani kuwa hatuna pa kushika. Sheria ya mazingira iko tangu mwaka 1999, na kwa sheria hiyo ikaundwa mamlaka iitwayo NEMA. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 chamruhusu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya haki hiyo bila ya kulazimika kuonyesha kuwa yeye mwenyewe amepata khasara. Kifungu cha 35 champa mwananchi haki ya kuomba khabari zilizo mikononi mwa serikali. Maana yake ni kuwa mtu wa Malindi aweza kuuliza vipimo vya maji ya Athi River, na hapana afisa mwenye haki ya kumjibu kuwa hayo ni mambo ya bara. Na bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 juu ya mto huu huu ili liwape watu maji ya kunywa na ya kumwagilia, lazidisha haja ya kuuliza.

Ama jikoni, yapo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya, na tuseme wazi mpaka wake. Kuosha mboga mara mbili tatu kwa maji yenye kupita, jani kwa jani, kabla ya kukata, huondoa vumbi na risasi iliyo juu yake. Kadimi iliyo ndani ya jani haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Majani ya nje yatupwe. Majimbi, muhogo na viazi vimenywe baada ya kuoshwa, si kabla. Mtoto anawe mikono. Mtoto aliyepata maziwa, dagaa na kunde huingiwa na risasi kidogo kuliko mwenye njaa, kwani mwili uliokosa chuma na kalisi huipokea risasi mahali pake. Na mtoto mdogo huivuta mara nne au tano zaidi kuliko mtu mzima. Betri kuukuu zisivunjwe uani. Na wavuvi, tafadhali, risasi ya chubwi isiyeyushwe jikoni, wala katika chombo kitakachorudi kupikiwa, wala watoto wasikae karibu na moshi wake.

Tuliposoma maneno haya ya mwisho mbele ya wenzetu kabla ya kuyapeleka kuchapishwa, mzee wetu mvuvi alinyamaza. Usiku wa pili alikuja na sufuria ndogo iliyofungwa katika gunia, akaiweka mlangoni, akasema kuwa ameyeyushia chubwi humo miaka mingi, na kuwa mara nyingine, moto ulipokuwa mmoja, mkewe marehemu aliipikia uji. Akatuuliza aitupe wapi: baharini, au aifukie uani? Tukamwambia si baharini wala si uani, kwa sababu zote tulizoziandika hapo juu. Akasema, "Basi wapi?" Tulikwenda baraza la mji kuuliza, tukatumwa ofisi ya pili, na ya pili ikaturudisha ya kwanza. Sufuria iko stoo, imefungwa kwa kufuli, na barua yetu tumeipeleka. Jibu likija tutalichapisha.